Pale Mkanda Unapokutana na Pete

Mkanda wa bunduki haukatiki katikati. Ukikatika, utakatika mwishoni, kwenye pete, pale ngozi inapokunjwa na kushonewa juu yake yenyewe. Mafundi viatu wa Kisii mjini wanalijua hili bila kupitia jeshi lolote, maana mkoba wa mwanafunzi na kikapu cha majani chai huharibikia papo hapo.

Mtazame askari anayelinda benki. Bunduki yake ya G3, hata bila risasi, inapita kilo 4, nayo inaning'inia begani tangu asubuhi. Kila anapogeuka mkanda hupanda na kushuka kidogo, na pete husugua ngozi mahali palepale. Jasho lina chumvi, na chumvi huita kutu. Mvua nayo haina likizo huku: milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Ngozi ikilowa hurefuka. Ikianikwa juani kwa pupa hukakamaa, kisha hupasuka kwenye mkunjo.

Tarehe 12 Septemba 1914, King's African Rifles, kikosi cha Waingereza, na askari wa Wajerumani waliotoka ng'ambo ya mpaka walipigana hapa Kisii. Masimulizi ya siku hiyo yamejaa maofisa, akiwemo Kapteni Thorne aliyeuawa vitani. Mimi huwaza mikanda. Askari wengi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya 1871, bunduki ya kilo 4 na nusu hivi, iliyotema wingu la moshi kila ilipolia. Huwezi kupanda na kushuka vilima hivi kutwa nzima ukiwa umeikumbatia. Mkanda ndio huibeba. Bega limeazimwa tu.

Fundi anayejua kazi huanza na ngozi yenyewe. Ya tumbo la ng'ombe huiacha kwa sababu hunyumbuka ovyo, akachukua ya mgongo. Ncha ya kukunjwa huipunguza unene kwa kisu, polepole, ili mkunjo ulale bila kuvunjika. Hutoboa kwa msharasi, matundu yakiachana kwa kipimo. Akiyabananisha, ngozi itachanika kwa mstari kama karatasi ya stempu. Ndipo huja sindano mbili kwenye uzi mmoja uliopakwa nta: hii ikitokea kushoto, mwenzake huingia kulia kupitia tundu lilelile, kisha mikono yote miwili huvuta kwa pamoja. Cherehani haishoni hivyo. Nyuzi zake mbili hunasana tu katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika, mshono huanza kufumuka. Mshono wa mkono ukipoteza pigo moja, mapigo ya jirani hubaki yameshika.

Ripiti peke yake siiamini hata kidogo. Hukaza haraka na hung'aa vizuri, lakini huupeleka uzito wote kwenye tundu moja, na tundu hilo hupanuka siku baada ya siku mpaka kichwa cha ripiti kikapenya. Klipu za plastiki ndizo mbaya zaidi, nazo ndizo zimejaa sokoni.

Nyamira ndiko mkanda hupata mtihani mgumu kuliko wa lindoni. Mchumaji wa Kebirigo au Sanganyi huingia shambani asubuhi, chai ikiwa na umande, akichuma majani mawili na chipukizi na kuyarusha nyuma ya bega. Majani yenye maji ni mazito, na kikapu huzidi kulemea kadiri jua linavyopanda. Mkanda ukiachia kwenye mteremko, majani humwagika matopeni, na karani wa kituo cha kununulia hapokei majani yenye tope. Hata baada ya mizani kazi ya kuning'iniza haijaisha: kwenye lori la kiwanda magunia hutundikwa kwenye kulabu ili hewa ipite na majani yasishindiliwe yakapata joto. Hapo kitanzi cha gunia ndicho kinachobeba mzigo, barabara ya mashimo ikikirusha juu na chini hadi kiwandani.

Mkanda ukiwa tayari, fundi hukanyaga pete kwa kisigino, akajizungushia ncha ya pili mkononi na kuvuta kwa mgongo wote. Uzi ukilia, anafumua na kuanza upya. Mteja, aliyekuwa amesimama hapo akitazama saa, huuliza kwa nini bei ni zaidi ya ile ya ripiti.