Nani Alimsikiliza Kazimoto?

Mara ya kwanza kusoma Kichwamaji nilikuwa sekondari, niko likizo nyumbani Nyakisasa. Kazimoto alinichukiza. Nilimwona msomi mwenye maringo, anayesema maisha hayana maana huku wazazi wake wakihangaika na jembe. Mwaka jana nimeirudia, katika kipindi ambacho mimi mwenyewe nilikuwa silali. Safari hii nilimwogopa, kwa sababu nilimwelewa.

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1974, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika. Zote mbili zinaishia kwa mhusika mkuu kujiua. Majibu ya wahakiki tumeshayakariri: Kichwamaji ni udhanaishi, lete Camus na Sartre; Rosa Mistika ni malezi mabovu na ukali wa mzazi. Siyapingi. Nina swali dogo tu: kabla hawajafika pale, nani aliwauliza wanaendeleaje, kisha akanyamaza kusubiri jibu?

Tuanze na Rosa. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles. Tangu hapo binti anaonywa, anachungwa, anahukumiwa. Baadaye Charles huyohuyo anamchumbia, halafu anamwacha alipojua si bikira. Rosa ana wazazi, wadogo zake, walimu, kanisa. Maneno anapewa mengi. Anachokosa ni mtu wa kumweleza maumivu yake bila kugeuzwa mshitakiwa. Na kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni! Yaani hata Rosa wa kwenye karatasi aliambiwa anyamaze.

Kazimoto yeye anaongea sana. Na wenzake anajadili Mungu, elimu, maana ya kuishi. Lakini hebu angalia: mdogo wake Rukia anakufa, mama yake anakufa, na mijadala inaendelea kuwa mikubwa vilevile. Falsafa yake imefunika msiba kama blanketi. Ya moyoni anatuambia sisi wasomaji, maana ndiye msimulizi. Tunasikia yote na hatuna namna ya kumjibu. Kwangu huu ndio uzito wa riwaya hii, kuliko Camus na Sartre wote.

Hapohapo ndipo ninapomlaumu Kezilahabi. Simkumbuki mhusika hata mmoja anayejaribu kweli kumsikiliza Kazimoto na kushindwa. Kifo kinakuja kama hitimisho la hoja, utadhani hakukuwa na njia nyingine. Msomaji aliye salama ataita hiyo falsafa. Msomaji aliyechoka anaweza kuikubali.

Labda mwandishi aliandika alichokiona Ukerewe kwao. Huku kwetu Ngara, ng'ambo ya ziwa, mambo si tofauti. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, na mto Kagera ukawa unateremsha maiti. Wazee wetu nimewasikia wakisimulia wingi wa watu, kuni zilivyoisha, bei za vyakula. Sijamsikia hata mmoja akisema alilalaje miezi ile. Ukisema hulali, unaambiwa jikaze, au unataniwa kwamba Mirembe panakusubiri. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nani ataongea hapo?

Mimi nilikwenda kwa mnasihi baada ya miezi mingi ya kuripoti ajali na mazishi. Niliingia nikitegemea kupewa maneno, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinaahidi hivyo: ushauri nasaha. Maneno mawili, na yote yanamfanya mwenye hekima aongee na mgonjwa asikilize. Kumbe kazi ni kinyume chake. Dada yule aliniuliza swali moja akatulia. Ule ukimya ulinikera, nikaona nimepoteza nauli. Mara ya tatu ndiyo nikaongea, na nilichoanza nacho wala hakikuwa cha kazini. Kilikuwa msiba wa nyumbani ambao nilidhani niliumaliza kwa kuwahudumia waombolezaji chai.

Usiku ule nikarudi kwenye Kichwamaji. Pale nilipokuwa nikisoma hoja, nikaanza kuona mtu anayezunguka lilelile bila kuligusa. Nilizijua zile mbinu. Nilikuwa nimezitumia kwa yule dada wiki mbili mfululizo.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa fasihi ni hili. Mkimaliza udhanaishi, ulizeni darasa: katika sura hii, nani angeweza kumsikiliza Kazimoto, na angeanzaje? Swali hilo ni la uhakiki kabisa, linamrudisha mwanafunzi kwenye matini kusoma kila mazungumzo upya. Kazimoto hatapata faida yoyote. Ila kuna mwanafunzi amekaa dawati la nyuma, anajibu vizuri maswali ya falsafa, na halali usiku. Huyo bado anaweza kuulizwa.