Matashi Yasiyomtaja Mtoaji
Mugoma, wilayani Ngara, jirani na Burundi, jina la mtu linaweza kuwa dua kamili. Hakizimana: Mungu ndiye aponyaye. Nsengimana: namwomba Mungu. Mtoaji ametajwa waziwazi. Aliyelelewa na dua za namna hii akiingia hekalu la Wabuddha la Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala enzi za ukoloni, au kituo cha Entebbe kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, atamtafuta mtoaji huyo asimwone.

Matashi ya upendo, yaani metta, husemwa kwa Kipali: viumbe wawe salama, waishi bila uadui. Hakuna "utujalie". Kitenzi kiko nafsi ya tatu, na wa kutimiza hatajwi. Hilo linalingana na mafundisho yenyewe. Buddha alimuuliza mkuu wa kijiji mmoja: mtu akitupa jiwe zito ziwani, umati ukasimama ukingoni kuliomba liibuke, litaibuka? Vivyo hivyo kwa mtu: matendo yake ndiyo yanayompeleka anakokwenda.

Basi maneno yanamfanyia kazi anayeyasema. Buddhaghosa, mwanazuoni wa karne ya 5 aliyeandikia Sri Lanka, aliyapangia mfuatano: anza na nafsi yako, kisha mwalimu unayemheshimu, rafiki, mtu usiye na neno naye, mwisho adui. Sentensi ni ileile, anayetakiwa heri tu ndiye anabadilika. Ukifika kwa adui kinyongo kikapanda, unarudi kwa wale wa mwanzo, moyo ulainike, ndipo ujaribu tena. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake ulipo: maneno mepesi kwa rafiki yanakuwa kipimo kikali kwa hasimu.

Kanuni tano za Wabuddha nazo hazisemi "usiue". Muumini hutamka mwenyewe kwamba anajifunga kujizoeza kutoua.

Kwa marehemu, tendo hutangulia. Watawa wakishalishwa, familia ya Kisinhala humimina maji taratibu kutoka kwenye birika hadi kikombe kifurike, huku ikitaka thawabu ya sadaka iwafikie ndugu waliokufa.

Lakini mwenye mtoto mgonjwa anahitaji wa kumwita, na muundo huu haumpi. Ndiyo maana Sri Lanka mahekalu mengi yana madhabahu ya miungu kama Vishnu au Kataragama kwenye kiwanja hichohicho. Mzazi akishamtolea Buddha maua, huvuka ua akaomba huko: niponyeshee mwanangu.