Mraba Usio na Pungu

Katika ndege wala nyama wa nyanda za juu za Kigoma, pungu ndiye anayemwonea huruma mtu mwenye darubini. Mkia wake ni mfupi kiasi kwamba akiwa angani miguu yake myekundu hutokeza nyuma. Mabawa yake, yanayofika kati ya mita 1.6 na 1.9 kutoka ncha hadi ncha, huyatandaza akateleza nayo mwendo mrefu bila kuyapiga, huku mwili ukilalia upande huu, mara upande ule. Tai wengine humlazimisha mtu afungue kitabu abishane na mwenzake. Pungu aliyekomaa hujitaja mwenyewe, hata akiwa mbali juu ya vilima vya Kibondo.

Nimemchagua yeye kwa sababu nataka kusifu kazi ambayo haisifiwi ipasavyo: kazi ya kupima mtawanyiko wa ndege, yaani kujua yuko wapi na kujua hayuko wapi. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo linalonifanya niwaheshimu wanaoifanya.

Kazi yenyewe huanzia barabarani. Watu wawili au watatu hupanda gari. Mmoja hushika usukani na kuwaachia wenzake anga, na gari huenda polepole, kilomita 40 hivi kwa saa, kutoka Kasulu kuelekea Kibondo. Barabara hii ilizoea vumbi jekundu, na lami imeifikia miaka ya karibuni tu. Kwa msafiri ni neema, lakini kwa anayehesabu tai ni mtihani, kwa kuwa kila basi na kila bodaboda inayomkuta nyuma humpigia honi apishe. Hapishi kwa kuongeza mwendo. Anasogea pembeni, anawaacha wapite, kisha anaendelea vilevile.

Saa ya kuanza nayo huchaguliwa. Alfajiri hewa ya nyanda za juu huwa nzito na baridi, na ndege wakubwa wamekaa matawini. Jua likishapasha ardhi, hewa ya moto hupanda, nao hupanda nayo. Pungu huwahi, mara nyingi tumbusi bado wanangoja joto yeye tayari yuko juu, na ataendelea kuwa juu sehemu kubwa ya mchana. Kwa hiyo kuanzia saa tatu hadi saa sita ndio muda wa thamani. Anayechelewa kwa sababu ya chai amepoteza kipande cha ramani.

Halafu kuna kanuni ndogondogo ambazo mtu wa nje angeziona kama ushupavu. Pungu anayetokea nyuma ya gari na kulipita haandikwi, kwa kuwa huenda ni yuleyule aliyeandikwa kilomita tano zilizopita, na sasa anaelekea kunakoelekea gari. Aliyekaa mtini huandikwa tofauti na anayeruka. Mvua ikianza, hesabu husimama, na saa ya kusimama huandikwa.

Ukurasa wa daftari la kazi hii haupendezi macho. Juu kuna tarehe, idadi ya walioangalia, mawingu, upepo. Chini yake kuna safu: saa, kilomita lilizosoma gari, mahali, ndege, idadi, umri, jinsia, alichokuwa akifanya, na ardhi iliyokuwa chini yake. Pungu mmoja anaweza kuzijaza safu zote hizo kwa muda wa kumeza mate, kama mwangaliaji anajua pa kutazama. Anapopita juu ya kichwa, mtazame chini ya bawa, kwenye ukingo wa nyuma. Ukiona utepe mweusi mpana, huyo ni dume. Ukiona utepe mwembamba na weupe mwingi mbele yake, ni jike. Akiwa mtini, jike huonyesha bato la kijivu kwenye bawa lililokunjwa, ilhali dume ni mweusi hapo. Ni tai wachache sana wanaokuruhusu kujua dume na jike kutoka chini, na mpimaji asiyeitumia bahati hiyo anaacha nusu ya habari angani.

Na kila baada ya kilomita kadhaa kuna mstari unaoandikwa hata kama hakuna lililotokea: mihogo na migomba pande zote mbili, mwewe wawili juu ya soko, pungu 0.

Sifuri hiyo ndiyo roho ya kazi. Mtu aliyeona pungu watano akafurahi, akawaandika, bila kuandika alipita wapi na alitumia saa ngapi, ametuletea habari njema lakini hajatuletea kipimo. Mahali palipo wazi kwenye ramani panaweza kuwa pasipo na ndege, au pasipo na mtu aliyewahi kwenda kutazama, na ramani yenyewe haina namna ya kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kigoma imeumia sana kwa hilo la pili. Upande wa kaskazini, Arusha, Tarangire na Serengeti, wenye darubini hupita kila juma. Kibondo na Kasulu haziko njiani kwa mtalii wa ndege, na utupu wa karatasi ukaonekana kama utupu wa anga.

Kuandika sifuri kunahitaji moyo. Mtu amesafiri mbali, mafuta yamelipiwa, wakubwa wanangoja ripoti, na siku nzima anga la mashamba limempa mwewe na kunguru. Jioni inakaribia, na kule mbali juu ya mti mkavu kuna kitu cha kahawia kimekaa. Hapo ndipo tamaa humwingia. Kinda wa pungu ni wa kahawia mwili mzima na mkia wake ni mrefu kuliko wa wazazi wake, na kuna tai mla nyoka wa kahawia anayefanana naye sana akiwa ametulia. Wa pili ana macho makubwa ya manjano. Kinda wa pungu ana macho ya kahawia, na ngozi ya uso wake ina rangi ya kijani inayoelekea buluu. Akiruka, tai mla nyoka huonyesha weupe chini ya mabawa. Mpimaji wa kweli husimamisha gari, hushuka, hungoja aruke. Asiporuka, na jua likazama, huandika kwamba aliona tai wa kahawia ambaye hakumtambua. Natamani watu wajue ni uaminifu wa kiasi gani umo katika mstari huo mmoja.

Kuna pia suala la ukubwa wa mraba mmoja wa ramani, ambalo wengi huliona ni la wachora ramani tu. Kwa miongo kadhaa, Neil na Liz Baker, ambao ndio waandishi wa kitabu cha mwaka 2002 kuhusu maeneo muhimu ya ndege Tanzania, wamekusanya kumbukumbu za ndege wa nchi nzima kwa miraba ya nusu digrii, kila upande kama kilomita 55. Kwa nchi kubwa yenye waangaliaji wachache, ulikuwa uamuzi wa busara. Bila uamuzi huo tusingekuwa na ramani kabisa. Kenya, kwa ramani yake ya ndege iliyoanza mwaka 2013, hutumia miraba ya dakika tano za digrii, kilomita tisa hivi kila upande, na mtu hutakiwa kutumia angalau saa mbili kamili mle ndani kabla orodha yake haijahesabiwa kuwa kamili. Mraba mmoja wa nusu digrii unameza miraba 36 ya namna hiyo.

Sasa fikiria hilo kwa Kibondo. Mashariki yake kuna Pori la Akiba Moyowosi na eneo oevu la Malagarasi–Muyovozi, hekta 3,250,000, la kwanza nchini kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kuna miombo mirefu, kuna mbuga za majani, kuna mizoga, na pungu anayo sababu ya kuishi huko. Pungu mmoja akionekana ukingoni mwa pori, mraba mkubwa wote hupakwa rangi, pamoja na vijiji ambako mti mrefu wa mwisho ulishakuwa mkaa. Kwenye karatasi ndege yupo. Mkulima wa kijiji hicho anajua kwamba hajamwona tangu watoto wake wakiwa wadogo. Ni miraba midogo tu inayoweza kuwapa haki wote wawili, na miraba midogo ina maana ya miguu mingi, saa nyingi, na sifuri nyingi zaidi.

Ardhi hii imebeba mizigo mizito. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu mwaka 1996; Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia. Binadamu aliyekimbia vita lazima apike, na kuni hutoka msituni. Sina neno la lawama kwa mtu huyo. Lakini pungu hutaga yai moja tu kwa msimu, katika mti mkubwa wenye kivuli, aghalabu karibu na mto, na anayepima mtawanyiko wake analazimika kuandika pia mahali miti hiyo ilipobaki na mahali ilipokwisha. Kuna pia sumu: wanaotia dawa za wadudu kwenye mzoga ili kumuua simba au fisi humuua kwanza pungu, kwa kuwa yeye hupita chini, huona mapema, hushuka kabla ya wengine.

Barabara, hata hivyo, huonyesha barabara tu. Kinachobaki lazima kiulizwe kwa watu, na kuuliza nako ni ufundi. Hatua ya kwanza ni ofisi ya kijiji. Mgeni mwenye darubini katika wilaya za mpakani huibua maswali, na ni halali yaibuke. Hutoa barua yake, husaini kitabu cha wageni, humweleza mwenyekiti na mtendaji anachotafuta. Kisha huwatafuta warina asali, maana Kibondo ni nchi ya mizinga na mrina asali hutazama juu siku zote za kazi yake.

Swali baya kuliko yote ni hili: "Mzee, pungu wapo huku?" Mzee wa Kiha mwenye adabu hawezi kumvunja moyo mgeni aliyetoka mbali, hivyo atasema wapo, tena wengi. Kumwonyesha picha kabla hajasema neno ni kosa lilelile kwa njia nyingine. Mpimaji mzuri hukaa kwanza, huulizia mizinga, mvua, nyuki wa mwaka huu. Baadaye ndipo anauliza ni ndege gani wakubwa mzee anawaona siku hizi, wanakaa wapi, wanarukaje. Mzee akisema yupo mmoja mweusi, hana mkia, anayumba akiruka, basi hakuna haja ya picha. Akiongeza kwamba kiota kilikuwa kwenye mninga ule wa bondeni, na kwamba mninga ulipasuliwa mbao, hayo huandikwa katika safu yake yenyewe, mbali na yale mpimaji aliyoyaona kwa macho. Kuchanganya safu hizi mbili ni kumdhulumu mzee pamoja na ramani.

Januari 2024, jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha utafiti ulioongozwa na Phil Shaw na Darcy Ogada kuhusu ndege wala nyama wa savana za Afrika. Kati ya aina 42, asilimia 88 zilikuwa zimepungua katika kipindi cha miaka kati ya 20 na 40, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Hesabu hizo zilitoka barabarani, kwenye madaftari kama niliyoyaeleza, huko Afrika Magharibi, Kameruni, Kenya na Botswana. Ziliweza kupatikana tu kwa sababu mtu fulani, miongo kadhaa iliyopita, aliandika kilomita alizopita pamoja na ndege aliowaona, na mwingine akapita njia ileile baadaye. Pungu mwenyewe aliwekwa mwaka 2020 katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Barabara ya Kasulu–Kibondo haimo katika hesabu hizo, na hilo linaniuma, kwa sababu miombo yetu ingekuwa na mengi ya kusema.

Bado kuna safu moja ambayo wenye haraka huiruka: umri. Pungu huchukua miaka saba au minane kuvaa weusi kamili. Maana yake ni kwamba wilaya inaweza kuwa na pungu wazima wanaoonekana kila mwezi, ramani ikapakwa rangi kwa furaha, kumbe hakuna kinda wa kahawia hata mmoja nyuma yao. Anayehesabu wazima peke yao anahesabu waliozaliwa zamani. Leslie Brown, afisa kilimo wa Kenya, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuatilia viota vya tai kwenye kilima kimoja cha Embu, akawa anavirudia mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu alijua ni mayai mangapi yaligeuka kuwa ndege. Fedha za miradi siku hizi huja kwa miaka miwili au mitatu. Kinda atakayetoka kiotani Moyowosi mwaka huu atakuwa bado wa kahawia ripoti ya mwisho ikikabidhiwa. Kwa hiyo kama Kigoma itapata wapimaji wake, na ningependa wawe vijana wa Kasulu na Kibondo wenyewe, wapewe darubini nzuri, barua ya kudumu kwenye ofisi za vijiji, mafuta ya kiangazi na ya masika, na miaka kumi.