Kazi, Kiza, Zika: Mchezo wa Herufi na Kasoro Yake

Kuna mchezo mmoja ambao watoto wetu wa Kipushi wanaupenda. Mwalimu huandika ubaoni herufi zilizochanganywa, tuseme Z, A, K, I, na watoto hushindana kuzipanga mpaka zitoe neno. Anayetangulia hupata alama. Wako watu wazima wasemao kwamba huo ni upuuzi wa kupoteza wakati. Sisi hatukubaliani nao. Lakini mchezo huu una kasoro moja, nayo yafaa isemwe waziwazi.

Kwanza tuusifu. Kiswahili chaufaa sana, kwa kuwa maneno yake karibu yote huishia a, e, i, o au u. Mtoto akijua hilo, amekwisha kupata mlango wa kuingilia. Tena herufi chache hutoa maneno mengi. L, I, M, A hutoa lima. Uzigeuze, wapata mali. Uzigeuze tena, mila. Na mara ya nne, imla. Aliyeona hayo hatasahau kwamba herufi moja ikihama, maana nayo huhama. Ni somo jema kwa kila mtu aandikaye barua ovyo.

Basi, kasoro iko wapi? Ni hii: mchezo humpa alama aliyepanga, wala haumwulizi amefahamu nini. Mtoto aweza kupata imla kwa bahati tu, akapigiwa makofi, naye hajui kuwa ndilo lile zoezi ambalo yeye huliita dikte.

Na zile Z, A, K, I? Hutoa kazi, kiza na zika. Mahali pengine ni maneno matatu tu. Hapa Kipushi, penye mgodi, kuna wazee waliofanya kazi katika kiza cha chini ya ardhi, na walizika wenzao. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Katika miaka ile ya katikati watoto walizaliwa wakakua, na neno kazi walilisikia kama hadithi ya babu zao. Kamusi itawaeleza maana yake kidogo. Mzee atawaeleza zaidi.

Tunao ushahidi kwamba herufi peke yake hazitoshi, nao umetoka karibu nasi, Lubumbashi. Mwaka 1965, mji ungali ukiitwa Elisabethville, André Yav na wenzake, watu waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu, walitoa maandishi yaliyopigwa mashine. Waliyaita «Vocabulaire», yaani orodha ya maneno. Lakini ndani mna historia ya mji, kama walivyoiona wao waliopika na kufua. Waliandika Kiswahili cha mjini bila kufuata sheria moja ya tahajia. Neno lile lile laandikwa hivi hapa na vile pale. Mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa. Ni kama mtu aandike «mutotoanalala» pasipo nafasi. Anayesoma kimya hukwama.

Mtaalamu Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990, hakutegemea macho peke yake. Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, aliyasoma kwa sauti, na sauti ikayatenga maneno. Twaisifu sana kazi hiyo. Twailaumu kwa jambo moja: Kiswahili kimewekwa kitabuni, lakini maelezo yote ni ya Kiingereza, na wazee wetu, ambao habari hizo ni za baba zao, wengi hawawezi kuyafuata. Waliotoa maneno wamebaki nje ya maana.

Jambo hili si geni kwa Mkristo. Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za yule Mwetiopia aliyekuwa garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Herufi alizijua, na sauti yake ilisikika njiani. Lakini maana ilimpita mpaka Filipo alipopanda na kuketi karibu naye.

Kwa hiyo shauri letu kwa walimu na wazazi ni hili. Mchezo uendelee, ila alama zigawanywe: moja kwa kulipanga neno, moja kwa kulisoma kwa sauti, na tatu kwa kuleta maana yake kutoka nyumbani. Aliyepata kazi aende jioni kwa babu yake, aketi, amwulize kazi ilikuwa nini. Kesho asimame mbele ya wenzake awaeleze aliyosikia. Hapo makofi yatakuwa ya haki, na huenda babu naye atafurahi kwamba hatimaye ameulizwa.