Kamera Iliyorudishwa Pwani

James Augustus Grant hakutumwa Karagwe kuchora. Alipotoka Zanzibar mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke, kiongozi wa msafara, alikabidhiwa ukusanyaji wa mimea, vipimajoto na kamera. Kamera ndiyo iliyoshindwa mapema. Bamba la kioo lilipakwa kolodioni, kimiminika cha kunata, likachovywa kwenye dawa yenye fedha, likapigiwa picha na kusafishwa likiwa bado bichi, yote kwa dakika chache, ndani ya kihema cha giza chenye joto na harufu kali. Speke aliona kazi hiyo haiendani na hali ya hewa, akavirudisha vyombo, na Grant akashika rangi za maji.

Naiona hasara hiyo kuwa bahati yetu. Bamba la kolodioni hushika zaidi mwanga wa buluu. Wekundu na kijani hutoka kama giza. Sasa vitazame vilima vya Karagwe na Kyerwa: udongo mwekundu, migomba, mawingu juu. Bamba lingetupa weusi chini na weupe mtupu angani.

Walifika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, Novemba 1861. Speke akaendelea na safari Januari. Grant, mguu wa kulia umevimba na kutunga usaha, akabaki Bweranyange, makao ya Rumanyika, hadi Aprili 1862. Kwa mtu mwenye brashi, karibu miezi mitano mahali pamoja ni shule. Jani la mgomba peke yake lina mambo: jua likiwa nyuma yake huwa kijani cha kukaribia manjano, likilipiga usoni, jani hung'aa rangi ya mbingu, na kijani hufifia. Anayepaka kijani kimoja shamba zima hajalitazama shamba.

Mchoraji wa rangi za mafuta huweza kuweka mwanga mwishoni, tone la nyeupe juu ya giza. Lakini turubai lake hukaa siku nyingi bila kukauka, na hakuna mpagazi wa kulibeba likiwa bichi. Rangi za maji hufuata njia ya kinyume: jua ni weupe wa karatasi wenyewe, nawe huanza na rangi hafifu ukielekea gizani, ukijua mapema pa kuacha wazi. Ukipafunika, pamekwenda. Masika huongeza ugumu, kwa kuwa karatasi haikauki upesi na rangi ya pili huingia ndani ya ya kwanza. Kwa ukungu wa bondeni hilo hufaa sana. Kwa ukingo wa jani, sharti usubiri.

Kisha London ikaifuta rangi hiyo, kama ambavyo kamera ingefanya. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilitegemea zaidi michoro ya Grant, lakini ilichorwa upya na kuchongwa kwenye mbao, ikawa mistari myeusi. Karatasi zake zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Natamani nakala zake za rangi zifike Kayanga na Nkwenda, huko huko Karagwe na Kyerwa, mtu azishike mkononi saa kumi jioni na kuzilinganisha na udongo aliosimama juu yake.