Namna Kiazi Kitamu Kinavyoikataa Chavua Yake

Katika Kahama, na katika Usukuma kwa jumla, kiazi kitamu hupandwa kwa marando, yaani vipande vya shina vinavyokatwa kwenye shamba la zamani na kuchomekwa kwenye matuta mvua inaposhika, na kwa kuwa mkulima hahitaji mbegu ili apate viazi vya kuchemsha au vya kukausha kuwa michembe na matobolwa, maua yanayochanua juu ya majani hayamshughulishi sana. Hata hivyo rando huzaa kile kile kilichokuwapo. Aina mpya, kwa kawaida, huanzia kwenye mbegu, na mbegu hutokana na ua lenye tabia ya kuikataa chavua yake lenyewe.

Ua hilo hufunguka alfajiri na kunyauka ifikapo adhuhuri au karibu yake, kwa hiyo uchavushaji wote hukamilika katika asubuhi moja. Ndani mna stameni tano, ambazo ni nyuzi za kiume zinazobeba chavua, na katikati yake imesimama stigma, kichwa cha kike kilichofunikwa na vinundu vidogo mno. Chini kabisa kuna ovari yenye ovuli nne, na hivyo ua moja haliwezi kutoa zaidi ya mbegu nne, na mara nyingi hutoa moja au mbili tu. Chavua yenyewe ni nzito na inanata, haichukuliwi na upepo, bali huletwa na nyuki. Chembe iliyotoka kwenye mmea ule ule inapotua juu ya stigma, haioti: haitoi ule mrija mwembamba ambao ungeteremka hadi kwenye ovuli, ilhali chembe ya mgeni anayekubalika huota na kuendelea na safari yake.

Utambuzi huo hutawaliwa na sehemu moja ya kromosomu iitwayo eneo S, ambayo jeni zake zina sura nyingi zinazotofautiana, na kila sura huitwa aleli. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba alama iliyo juu ya chembe ya chavua haiwekwi na chembe yenyewe, bali na tishu za mmea ulioikuza, na kwa sababu hiyo chembe huhukumiwa kwa aleli za mzazi wake hata zile ambazo haikuzirithi. Katika kahawa ya robusta inayolimwa Kagera mambo ni tofauti, kwani huko kila chembe huhukumiwa kwa aleli iliyoibeba yenyewe. Mfumo wa mzazi unafahamika zaidi katika jamii ya kabichi na sukumawiki, ambako mwaka 1999 June Nasrallah na wenzake waliitambua protini ndogo iliyo kwenye ganda la chavua; protini hiyo hujishikiza kwenye kipokezi cha stigma, na kushikana huko ndiko kunakoamsha kukataliwa. Jamii ya kiazi kitamu hufikia matokeo kama hayo kwa jeni nyingine.

Mmea unachokiita nafsi yake si ua moja wala shina moja. Matuta yote yaliyopandwa marando ya aina moja, hata yakienea ekari nzima, ni mmea mmoja uliokatwakatwa, na nyuki anayepita kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho hubeba chavua ambayo kila stigma itaitambua kuwa ni ya nyumbani. Ndiyo maana shamba la aina moja huweza kujaa maua na bado likakosa mbegu, ilhali pale ambapo aina mbili au tatu zimechanganyika mbegu huonekana. Faida ya ukatazaji huu ilipimwa mapema: katika kitabu chake cha mwaka 1876, Charles Darwin aliripoti vizazi kumi vya jamaa wa karibu wa kiazi kitamu, ambaye yeye hukubali kujirutubisha, na mimea iliyojirutubisha ilikuwa na kimo cha wastani cha 77 kwa kila 100 ya ile iliyochanganywa.

Watafiti wa Namulonge, Uganda, akiwemo Robert Mwanga, walitumia tabia hiyo kama nyenzo. Katika mazao mengine mtafiti hulazimika kung'oa stameni za kila ua kabla halijajichavusha. Kwa kiazi kitamu inatosha kupanda wazazi bora wengi kwa kuwachanganya katika kitalu kimoja na kuwaachia nyuki, kwa kuwa karibu kila mbegu itakayopatikana itakuwa ya wazazi wawili tofauti. Mbegu hizo zina ganda gumu, hivyo hulowekwa katika asidi kali ya salfa kwa muda usiozidi saa moja, zikaoshwa kwa maji mengi, kisha zikapandwa, na kila mche unaoota ni aina mpya inayoanza kupimwa kwa mavuno, kwa uvumilivu wa magonjwa ya virusi, na kwa ukavu wa nyama ambao mla michembe hawezi kuukosa.

Njia hii ina gharama yake. Kiazi kitamu kina seti sita za kromosomu, jumla 90, na hivyo mmea mmoja unaweza kubeba aleli kadhaa za eneo S. Aina mbili zisizofanana kwa jani wala kwa rangi zikichangia aleli inayojidhihirisha, hukataana kana kwamba ni mmea mmoja, na mtafiti hupoteza mchanganyiko ambao pengine ulikuwa bora kuliko yote. Isitoshe, nyuki haandiki kumbukumbu. Kabode, kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa kilichoidhinishwa Uganda mwaka 2007 kwa jina la NASPOT 10 O na baadaye kikavuka hadi Kanda ya Ziwa ya Tanzania, kinajulikana mama yake, SPK004 kutoka Kakamega. Kuhusu baba, kinachoweza kusemwa ni kwamba hakuwa SPK004.