Mpishi wa Mbwa

Saa tisa alasiri, jua la Dodoma likiwa bado linachoma bati, jirani yangu wa Kizota huvuta kigoda kivulini na kuanza kuchambua mahindi. Ungo uko magotini. Anatwaa konzi moja, anaitandaza, anaikagua punje kwa punje. Iliyovunda, iliyotoboka, yenye ukungu wa kijani au weusi kwenye kiini, inatupwa kwenye kopo. Kopo likijaa, linamwagwa motoni. Si kwa kuku wala si kwa nguruwe.

Hayo si mahindi yake ya kula. Ni ya mbwa wake wanne.

Siku ya kwanza nilishindwa kujizuia. “Shikamoo mzee. Hata mbwa naye anachaguliwa punje?”

“Marahaba. Wewe kijana, mwaka 2016 ulikuwa wapi?”

Nikanywea. Mwaka ule watu wa Dodoma na Manyara waliugua, wengine wakafariki, kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi. Sumu hiyo haiogopi moto wa jikoni: utachemsha ugali mpaka uchoke, yenyewe ipo palepale, na ini la mbwa halina ubavu wa kuistahimili. Ajabu ni kwamba mahindi yaliyovunda ndiyo tunayoyaita “ya mbwa”. Mzee hataki kulisikia neno hilo uani kwake.

Wapo watakaosema mbwa ni mla nyama, ugali wa nini? Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba mbwa amejaliwa nakala nyingi za jeni inayosaga wanga kuliko mbwamwitu. Kuishi na wakulima kumembadilisha tumbo. Wagogo hawakusubiri jarida liwaambie; mbwa wao wa kulinda mifugo wamekula ukoko wa ugali wa uwele na mtama tangu enzi za mababu. Tatizo huanza pale ukoko unapokuwa ndio chakula chote.

Kwa hiyo mahindi huja mwisho. Kinachotangulia jikoni ni sufuria la mapafu, bandama na masalia ya kichwa cha ng'ombe kutoka machinjioni. Hapa mzee ana jicho la mkaguzi. Pafu lenye lengelenge la maji halifiki sufuriani. Analikata na kulichoma, maana humo ndimo anamojificha mtoto wa tegu anayekomalia tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake yakamrudia binadamu. Hayo mengine yanachemka zaidi ya saa nzima. Nyama ikilainika anaiopoa, anaitoa mifupa kwa vidole, yote, hata kile kipande kidogo cha kama ukucha. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na utumbo wa mbwa hauna pa kuuficha.

Basi kalisi itoke wapi? Kwenye dagaa. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, ndiyo maana mtoto wa mbwa anayelishwa nyama peke yake huishia miguu iliyopinda. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake. Mzee huwapepeta mchanga, huwaosha maji matatu, huwatwanga kidogo kwenye kinu, ndipo wanaingia kwenye supu. Kisha konzi ya mchicha. Kisha unga wa dona, si sembe, unaomiminwa polepole huku mwiko ukizunguka, mpaka chakula kiwe kizito kuliko uji na chepesi kuliko ugali. Hakuna chumvi. Hakuna kitunguu hata ganda, kwa kuwa kitunguu huvunja chembe za damu ya mbwa.

Halafu kuna kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Sufuria linaepuliwa na kuachwa wazi. Mbwa wanne wanalala wameelekeza pua huko, mate yakidondoka, wala hakuna anayesogea. Mzee anachovya kidole hadi kwenye kifundo. Bado. Anachovya tena. Ndipo anapakua, kila mmoja na bakuli lake, baada ya kumpapasa ubavuni: mbavu zihisike kwenye kiganja bila kuonekana kwa macho. Aliyenenepa anapunguziwa, hata akilia. Alfajiri anakagua kinyesi, na hicho ndicho cheti chake. Kikishikika kwa koleo bila kuacha doa ardhini, mpishi amefaulu.

Chakula cha mfuko sikibezi. Kilichopimwa vizuri kinamfaa mwenye fedha na asiye na muda. Lakini nimeona mifuko iliyoachwa wazi juani hadi mafuta yakachacha, na mwenyewe akajiona anamtunza mbwa kisasa.

Uani kwa mzee kuna kitu kimoja kilichozungushiwa wavu vizuri kuliko hata banda la kuku: shina la mzabibu. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Wataalamu wa Marekani sasa wanaishuku asidi ya tatariki iliyomo ndani yake. Ukiwa na mbwa na mzabibu ua mmoja, weka wavu kabla ya mavuno. Na mbwa akiwahi kuzila, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje aanze kutapika.